Kibubu cha kwenye simu na albamu ya Bibi: programu mbili tulizobaki nazo

Nina watoto watatu, wa miaka 13, 10 na 6, na tunaishi Reading, Uingereza. Mama yangu yuko Tanga, Ngamiani. Simu yake ni Tecno ya bei ya chini, imejaa picha za maua za kutakiana asubuhi njema mpaka haina nafasi. Nayatanguliza haya kwa sababu ndiyo yaliyoamua kila kitu. Wazazi wenzangu hapa huulizana programu ipi ya hela za watoto, au ya picha za familia, ina mambo mengi zaidi. Mimi nilijiuliza mawili tu: kitinda mimba, ambaye bado anasoma kwa kuunganisha herufi, ataielewa? Na Bibi ataweza kuifungua kwa bando la siku?

Nianze na hela. Zamani tulikuwa na kibubu cha bati, na kila Jumamosi watoto walipata humo hela yao ya matumizi. Shida ikaja pale nilipoacha kushika sarafu. Dukani nalipa kwa kadi, kwenye basi kadi, kantini ya shule nayo inalipiwa kwenye akaunti. Jumamosi ikifika sina hata pauni moja mkononi, naahidi wiki ijayo. Ikafika siku mtoto wangu wa kati akanionyesha kikaratasi alichoandika mwenyewe: majuma sita hajalipwa. Alikuwa sahihi, na niliona haya.

Tulianza na GoHenry, ambayo ni kongwe katika kazi hii hapa Uingereza, tangu 2012. Mtoto anapata kadi yenye jina lake, mzazi anaweka kiwango cha juu cha matumizi, na kila kadi ikipitishwa simu yako inapata arifa. Kitu kimoja nilikipenda sana: unaweza kumtumia jamaa kiungo naye akaweka zawadi moja kwa moja. Idi ile mjomba wao aliyeko Milton Keynes aliwapa mkono wa Idi bila kuniuliza namba ya akaunti, na watoto wakaona jina lake. Lakini kwa mpango tuliochukua, ada ilikuwa pauni 3.99 kwa mwezi kwa kila mtoto. Kitinda mimba alikuwa anapata pauni 1 kwa juma. Piga hesabu mwenyewe: ada ya kumtunzia hela inakaribia kulingana na hela yenyewe. Kwa mtoto mmoja mkubwa ningebaki nayo. Kwa watatu sikuweza.

Kuna nyingine sitaitaja. Nilijiunga kwa mwezi wa bure, kadi ikaja mwezi umeshakwisha, na kujitoa kulinichukua barua pepe tatu. Basi kabla hujaingiza namba ya kadi yako mahali popote, tafuta kwanza pa kutokea.

Tuliyobaki nayo ni Rooster Money, ambayo benki ya NatWest iliinunua 2021. Kilichonivuta ni kwamba unaweza kuitumia bila kadi kabisa na bila malipo, kama daftari tu. Hela iko kwako, programu inaandika nani anadai kiasi gani. Kwa kitinda mimba ndivyo tunavyofanya, tena yeye hapati hata hela kila mara, anapata nyota. Ametandika kitanda, nyota. Amekunja kanga ya kuswalia, nyota. Haihitaji kusoma, anahesabu kwa kidole kwenye kioo. Wakubwa wawili wana kadi, pauni 19.99 kwa mwaka kila mmoja. Mteja wa NatWest hatozwi hiyo, ila sisi benki yetu ni nyingine.

Hela inagawanywa kwenye vyungu vinne: matumizi, akiba, kutoa na malengo. Hicho cha kutoa tumekifanya cha sadaka. Kadi haiingii kwenye sanduku la msikitini, kwa hiyo Ijumaa mimi ndiye ninayetoa noti, kisha tunapunguza kwenye chungu tukiwa sote tumekaa, kila mtoto aone yake imekwenda. Jambo moja Waislamu wenzangu mliangalie: humo ndani mzazi anaweza kuweka asilimia ya riba ili kumvutia mtoto aweke akiba. Najua anayelipa ni mzazi mwenyewe, si benki, lakini sikutaka wanangu wazoee neno hilo wakadhani ni zawadi. Nimeiacha sifuri. Baba yao akifurahi huwaongezea kitu, bila kuahidi kiasi.

Nieleze siku moja tulipokuwa Tesco. Yule wa kati anataka pakiti ya kadi za wachezaji mpira, bei pauni 3. Kwenye chungu cha matumizi ana 2.35. Cha akiba kina zaidi ya 20, naye anajua. Alisimama pale na pakiti mkononi, akafungua simu yangu, akaangalia vyungu, akaifunga, akafungua tena. Nilinyamaza kabisa, nikajifanya nasoma bei ya mchele. Mwisho akairudisha pakiti kwenye ndoano yake, akaipanga vizuri na zile nyingine, akaniuliza Jumamosi ni lini. Kibubu cha bati hakikuweza kufanya hivyo, kwa sababu kilikuwa nyumbani na yeye alikuwa dukani.

Kwa walioko Kenya, dada yangu aliyeolewa Mombasa anatumia M-PESA Go kwa binti yake. Safaricom waliianzisha 2022 kwa watoto wa miaka 10 hadi 17, na mzazi ndiye msimamizi. Ningekuwa kule nisingehangaika na kadi hata kidogo.

Sasa picha, na hapa ndipo roho yangu ilipo.

Mwaka juzi niliweka kwenye kundi la ukoo picha ya binti yangu mkubwa siku ya kwanza ya sekondari. Sare mpya, nembo ya shule kifuani, nyuma yake mlango wetu wenye namba ya nyumba. Baada ya siku mbili rafiki yangu wa Leicester akanipigia: ameiona kwenye status ya mtu ambaye hata mimi simjui. Aliyeisambaza alikuwa ndugu, kwa furaha tu, na aliomba radhi. Lakini ile picha haikurudi. Binti alilia, akaniambia, "Mama, hukuniuliza." Sikuwa na jibu.

Ndipo nikaanza kutafuta albamu ya familia peke yake. Ile ya pamoja ya iPhone ilikufa papo hapo, kwa sababu nusu ya ukoo wanatumia Android. Google Photos ni nzuri, ila tangu Juni 2021 nafasi ya bure ni GB 15, na yangu imejaa barua pepe. Tinybeans ilinipendeza kwa kalenda yake, picha za kila siku zikikaa kwenye tarehe yake, lakini tulichoshikana nacho ni FamilyAlbum. Wajapani wa kampuni ya MIXI waliitoa 2015, na kwao inaitwa Mitene, yaani "tazama basi". Nafasi haina kikomo hata kwa asiyelipa. Picha zinajipanga kwa mwezi na kwa umri wa mtoto. Unachagua kila picha ionwe na nani: wazazi tu, au ukoo wote. Za binti mkubwa haziendi kwa ukoo mpaka aseme ndiyo, na amekataa nyingi.

Kiswahili haina, na hilo linaniuma. Kijana wa jirani ndiye aliyemwekea Bibi, baada ya kufuta yale maua, na kumwonyesha pa kugusa. Siku ya pili Bibi aliandika chini ya picha ya kitinda mimba aliyeng'oka jino, kwa herufi kubwa zote: MASHAALLAH. JINO MMELITUPA JUU YA PAA? Hatukuwa tumelitupa. Tulilitupa jioni hiyo hiyo.

Onyo: kiungo cha mwaliko usikiweke kwenye kundi. Mtumie kila mtu peke yake, ukijua ni nani. Na hakuna programu inayomzuia mtu kupiga picha ya kioo cha simu yake, hivyo nembo ya shule na namba ya mlango bado nazikwepa.

Nafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya kulea wazee. Programu inaonyesha kila mmoja wa familia ameingia lini mara ya mwisho. Saa nane usiku, wakati wa mapumziko, naifungua nikinywa chai. Majira ya baridi kwa Tanga hiyo ni saa kumi na moja alfajiri, Bibi ameshaamka kuswali. Jina lake linaonyesha ameingia dakika tatu zilizopita. Nampigia, anapokea kabla haijaita mara ya pili.