Tangi la CG125 ya baba: mafundi wawili wa Kisumu, kazi mbili tofauti

Pikipiki ya Honda CG125 ninayoendesha aliinunua marehemu baba mwaka 1994. Injini yake bado inaitika kwa teke la pili, na ndiyo hunipeleka kazini Maseno kutoka Kisumu. Kilichonisumbua mwaka huu ni tangi. Kwanza ilikuwa harufu ya petroli nyumbani asubuhi, kisha doa la unyevu kwenye mshono wa chini, upande wa kushoto kuelekea nyuma. Pikipiki ikiegeshwa kwa stendi ya pembeni hulalia upande huo. Maji ni mazito kuliko petroli, hivyo umande unaojikusanya ndani ya tangi huteremka na kutuama hapo hapo. Miaka ikipita, bati linaoza kutoka ndani, nawe hujui.

Fundi wa kwanza alinihudumia kwa saa moja. Alimwaga petroli, akatia maji ya betri ili kuondoa kutu, akasuuza mara moja kwa maji ya mfereji, kisha akapaka gundi ya chuma kwa nje. Nililipa shilingi 800, nikaondoka nimeridhika. Siku ya tisa gundi ikabanduka kipande kizima. Bati lilikuwa bado na unyevu wa petroli alipopaka, hivyo haikushika. Baya zaidi ni yale maji ya betri. Ile ni asidi kali, inakula kutu na chuma kilicho chini yake, na mabaki yakisalia kwenye pembe za tangi yanaendelea kula. Nilikuwa na tundu moja; sasa nikawa na matatu.

Mwenzangu kazini akanielekeza kwa mzee mmoja wa jua kali pale Kibuye anayechomelea rejeta na matangi. Nilitaka kazi iishe siku hiyo hiyo. Mzee alinusa mdomo wa tangi, akalirudisha mikononi mwangu.

"Mwalimu, hili siliwashii moto leo. Uliache ama ulipeleke kwingine."

Nililiacha. Kwa hatua hiyo peke yake namheshimu sana. Petroli ikiwa katika hali ya kimiminika haiwaki. Kinachowaka ni mvuke wake uliochanganyika na hewa. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo hukaa chini ndani ya tangi hata baada ya kumwaga kila kitu. Tangi linaloonekana tupu ndilo linaloweza kumlipukia fundi usoni. Yeyote anayekubali kulichomelea papo hapo baada ya kulimwaga tu, chukua tangi lako uondoke, kwa usalama wake pia.

Mzee aliliosha mara tatu kwa maji moto na sabuni ya unga, akaliacha wazi usiku kucha. Kesho yake alitia kipande cha nyororo kuukuu ndani na kulitikisa hadi kutu iliyolegea ikatoka kama matope mekundu. Halafu akajaza siki, ikakaa siku nzima. Siki hula kutu polepole, tofauti na maji ya betri. Alipoimwaga alisuuza kwa maji yenye magadi ili kuua ukali wake, akalikausha upesi juani, maana chuma kilichosafishwa hushika kutu upya kikiachwa na maji hata kwa muda mfupi.

Siku ya kuchomelea nilikuwepo. Alilipindua tangi chini juu, akalijaza maji mpaka vidole vitatu chini ya matundu, ili nafasi ya hewa iwe ndogo, na akaacha tundu la koki wazi mvuke wa maji upate pa kutokea. Bati lililooza alilikwangua hadi likang'aa, akaweka kiraka chembamba na kukichomelea kwa gesi na shaba. Hakutumia welda ya umeme. Alisema bati jembamba hivyo lingetoboka zaidi.

Kisha akaziba matundu yote kwa mpira wa tyubu, akajaza upepo kidogo kwa pampu ya baiskeli na kupaka povu la sabuni kwenye mshono. Viputo vikatoka mahali pa nne ambapo mimi sikupajua. Akapaziba bila kuongeza bei. Jumla ilikuwa shilingi 2,500, siki ikiwemo. Tangi jipya la kuiga niliambiwa 4,500, na matundu yake ya bolti hayakulingana na fremu yangu.

Sasa malalamiko yangu. Aliniahidi siku mbili, zikawa nne, na kila siku nilipanda matatu. Rangi nayo haikunipendeza: nyekundu yake haifanani na ya zamani, na tone la petroli likiiangukia inalainika. Kisha wiki ya kwanza pikipiki ilizimika nikipanda mlima baada ya Kisian. Nikasubiri, ikawaka, ikazimika tena. Nilipofungua kifuniko cha tangi nikasikia hewa ikiingia kwa nguvu, nikajua. Rangi ilikuwa imeziba kile kitundu cha kupumulia kwenye kifuniko, hivyo petroli haikuweza kuteremka kwenye kabureta. Pini ya nguo ilikizibua. Nilimpigia simu mzee; aliniomba radhi, akaniambia nimletee kabureta aisafishe bure. Nilipeleka, na jeti, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, kweli ilikuwa na chembechembe za kutu.

Sasa ni mwezi wa tatu tangu tangi lichomelewe. Nimefunga chujio dogo linaloonyesha ndani kati ya koki na kabureta, na hulitazama kila Jumamosi. Mwanzoni lilikuwa na vumbi jekundu, nikalibadilisha mara mbili. Jumamosi iliyopita lilikuwa safi, na mahali ninapoegesha pakavu. Rangi nitaipeleka kwa mtu mwingine, lakini kazi ya bati na moto sitaihamisha kutoka kwa mzee wa Kibuye.