Kulala mlimani: ukimbie hukohuko au ushuke?

Iten, mji wa wakimbiaji Kenya, mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, mkimbiaji hulala na kukimbia hapohapo. Chembe nyekundu za damu, zinazobeba oksijeni, zinaongezeka, sawa, ila hewa nyepesi inamnyima kasi: mizunguko ya mita 400 anayoimudu Mombasa, huku inamwacha ameshika magoti, anahema.

Njia nyingine ni kulala juu, mazoezi chini. Watafiti Levine na Stray-Gundersen waliipima Marekani (1997): wiki nne, makazi mita 2,500, mazoezi mita 1,250. Damu iliongezeka kwa makundi yote mawili yaliyolala mlimani, waliokimbia hukohuko na walioshuka, lakini walioshuka ndio waliopunguza muda wa mita 5,000, sekunde 13 hivi.

Mgeni ningemwambia ashuke. Lakini nauli ya kushuka Bonde la Kerio, chini ya Iten, kila siku, nani analipa?