Kipimo cha kalsiamu cha Salifert kwa tangi la matumbawe: uzoefu wangu hapa Dodoma

Kama tangi lako lina matumbawe laini peke yake, hela yako iache mfukoni. Badilisha sehemu ya maji mara kwa mara kwa chumvi nzuri ya akwariamu, yatakua vizuri tu. Kipimo hiki ni cha aliyeanza kuweka matumbawe magumu, yale yanayojenga mifupa. Mifupa hiyo ni kaboneti ya kalsiamu, na kalsiamu yenyewe inatoka kwenye maji yanayoyazunguka. Baharini ipo kama miligramu 420 kwa lita na haiishi. Kwenye tangi la sebuleni inaisha, tena bila dalili ya kuonekana kwa macho.

Unavuta mililita 2 za maji ya tangi kwa bomba la sindano, unatia unga wake na matone ya dawa, maji yanakuwa ya waridi. Halafu unadondosha dawa ya mwisho kwa bomba lingine dogo, tone kwa tone, huku unatikisa kichupa. Waridi inaingia zambarau, kisha tone moja tu linaigeuza buluu safi. Hapo unaacha na kusoma hilo bomba dogo, ambapo kila mstari mdogo ni miligramu 5 kwa lita. Kabla yake nilikuwa na kipimo cha kuhesabu matone, kila tone miligramu 20, na kwa kweli tofauti ni kubwa. Usipimie chini ya taa ya njano usiku, zambarau na buluu zinafanana mno. Mimi napimia barazani mchana, na karatasi nyeupe nyuma ya kichupa.

Wageni wakiliona tangi huniambia, "Kaka, maji ya Dodoma si yana chumvi tayari? Weka hayo hayo." Ni kweli maji ya visima vyetu ni magumu, birika linaota ukoko mweupe, na kalsiamu imo. Ila yamo na mengine mengi ambayo hujui kiasi chake, kwa hiyo natumia maji ya chujio la RO, lile linalotoa karibu kila kilichoyeyuka majini. Linalotusumbua zaidi huku ni upepo mkavu wa kiangazi. Maji yanakauka haraka, chumvi inabaki, unapima unakuta 450 unafurahi, kumbe hakuna kilichoongezeka. Jaza kwanza maji yasiyo na chumvi mpaka kwenye alama, hakikisha chumvi iko gramu 35 kwa kilo ya maji, ndipo upime.

Jambo ninalotaka kila anayeanza alijue ni kwamba kalsiamu haishuki peke yake. Matumbawe yakichukua miligramu 20 za kalsiamu kwenye kila lita, yamechukua pia ualkali, yaani bikaboneti na kaboneti zilizomo majini, wa karibu digrii 2.8 (dKH). Kalsiamu kutoka 420 hadi 400 ni kidogo, lakini ualkali kutoka 8 hadi 5.2 ni theluthi nzima. Kwa hiyo ukiwa na hela ya kipimo kimoja tu, anza na cha ualkali, hiki kifuate mwezi ujao.

Mimi naongeza kloridi ya kalsiamu asubuhi, na bikaboneti ya sodiamu, ile ya waoka keki, jioni. Zikikutana zikiwa kali zinaganda papo hapo kuwa unga mweupe, na hapo umepoteza zote mbili. Kloridi inatoa joto inapoyeyuka, chupa inachoma mkono kabisa, kwa hiyo iyeyushe pembeni uiache ipoe. Ikiwa unaongeza na kipimo hakipandi, na hita inaota ganda jeupe, pima magnesiamu, maana ikipungua kalsiamu inaganda kirahisi. Ilenge karibu miligramu 1300 kwa lita.

Nakipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu sijakiona kwenye duka lolote la hapa mjini, huwa naagiza Dar kinakuja na basi. Muuzaji mmoja aliwahi kunitumia kilichobakiza wiki chache kuisha muda, na dawa zilizopitwa na muda zinadanganya. Siku hizi silipi kabla ya kutumiwa picha ya tarehe iliyo kwenye boksi.