"Ndiyo, ina laini mbili"

Nianze na hukumu kabisa ili mwenye haraka aondoke: usichukue simu ya mkataba ugenini, ile unayopewa leo ukailipia kila mwezi. Nyota moja, na hiyo moja nimetoa kwa sababu sifuri haipo. Kampuni siitaji maana bado wananidai kila mwezi na sitaki makuu nao, halafu hata nikiitaja haikusaidii kitu, wewe uko nchi nyingine na kampuni nyingine, ila yule kijana wa kaunta utamkuta tu, wako kila mahali.

Mambo ya kamera sijui memori nenda kasome mwenyewe, yameandikwa kila kona. Mi nina kesi na sentensi moja tu.

Kwanza ujue sikwenda kununua simu kwa tamaa. Niliyokuja nayo ilikuwa nzima, haina hata mkwaruzo. Nikaweka laini ya huku, intaneti ipo, WhatsApp inaenda, video zinacheza vizuri tu, lakini nikipiga simu ya kawaida inakata hapohapo, na watu wakinipigia wanaambiwa sipatikani. Karibu wiki nzima nahangaika, nazima nawasha, natoa laini napuliza narudisha, nikajua laini mbovu. Kumbe huku 3G walishaizima zamani. Wengi wameizima, Marekani mitandao mikubwa ilimaliza 2022, Australia wakafuata 2024, na ikishazimwa, kama na 2G haipo, sauti inabidi ipite kwenye 4G, kwa kitu kinaitwa VoLTE. Sasa simu yangu ina 4G, lakini mtandao wa huku hauitambui upande wa VoLTE. Yani ina 4G ya kuangalia video, haina 4G ya kusema haloo. Nani anakwambia haya wakati unafunga mabegi? Watu wanakwambia beba koti.

Basi nikaenda dukani, na hapa lazima nikiri niliingia kama mtu aliyeshachoka. Mgeni hana historia ya mkopo, sehemu nyingi mkataba unanyimwa au wanataka uweke amana kwanza, au wanakuelekeza kwenye laini ya kulipia kabla (ambayo kwa akili zangu za leo ndo ningeichukua nikimbie). Kijana akaingiza taarifa zangu kwenye mashine, akasubiri, mi moyo unaenda mbio kama nasubiri matokeo ya mtihani, akageuka akatabasamu: umekubaliwa. Jamani. Mtu umefika nchi ya watu kila dirisha unaambiwa lete karatasi hii, lete ile, rudi baadaye, halafu mashine moja inasema umekubaliwa. Siku ile ningesaini hata cheti cha ndoa.

Miezi 24, simu "bure", dakika bila kikomo. Bure! Chukua unacholipa kwa mwezi, toa bei ya bando hilohilo bila simu, kinachobaki zidisha mara 24, hiyo ndo bei ya simu yako ya bure. Yangu ilizidi bei ya kununua taslimu. Hesabu nyepesi kabisa, nikaifanya baada ya kusaini. Na zile dakika bila kikomo kumbe ni za ndani ya nchi, kupiga nyumbani kunahesabiwa dakika kwa dakika, nikajulia kwenye bili ya kwanza. Tuliache hilo, nikianza nalo hatutafika.

Swali moja la maana niliuliza. Moja tu, na nililitayarisha toka nyumbani, maana namba yangu ya zamani ndo imeshika maisha yangu yote, benki ikitaka kuhakikisha ni mimi inatuma zile tarakimu sita kwa meseji kwenye namba hiyo, bila hizo sitoi hela, sibadilishi nywila, sifanyi lolote. Nikamuuliza, nikiwa nimeinyanyua simu kabisa ili tusipishane: hii inatumia laini mbili?

"Ndiyo, ina laini mbili."

Akachomoa trei akanionyesha, akaniambia na eSIM ipo, yani laini isiyo ya plastiki, inapakuliwa ndani ya simu. Halafu akasema nikiacha simu yangu ya zamani ananipunguzia malipo ya kwanza kidogo. Nikaiacha. Akaifuta palepale mbele yangu, nami nasimama namshukuru.

Nafika nyumbani naweka laini yangu ya zamani, simu inaniandikia kwamba laini hii haikubaliki. Natoa naweka. Haikubaliki. Nikasoma mpaka usiku wa manane nikaelewa kwamba simu imefungwa mtandao, yani inasoma namba ya utambulisho wa mtandao iliyo ndani ya laini, ikikuta siyo ya kampuni iliyoiuza inagoma. Na hiyo loki haijali umeweka kwenye trei au umeweka eSIM, imeshika kote. Kwa hiyo ni kweli ina laini mbili. Zote ziwe za kwao. Sasa niambie, ni binadamu gani anahitaji laini mbili za kampuni ileile kwenye simu moja? Labda wapo, sijui, wafanyabiashara. Mgeni aliyesimama kaunta na lafudhi yake na laini ya kwao mkononi hayumo, na yule kijana alikuwa anaiona hiyo laini!

Na kinachoniuma ni kwamba hakudanganya. Angedanganya ningekuwa na pa kushika.

Simu mpya WhatsApp nayo ikataka tarakimu sita, zinatumwa wapi? Kwenye namba ileile. Simu ya zamani ambayo ilikuwa iko wazi, yani haijafungwa mtandao, nishawapa wameshaifuta. Kwa hiyo siku kadhaa sipo benki, sipo WhatsApp, mama akatuma watu waniulize nimemkosea nini mpaka nimemblok.

Nikarudi dukani. Kulikuwa na foleni, nikasubiri zamu yangu kwa adabu, nikamkuta yuleyule. Hakunikumbuka, sawa, anaona watu wengi. Nikamweleza taratibu kwamba naomba simu ifunguliwe loki nitumie na laini yangu nyingine. Akaichukua, akaigeuza, akaiangalia nyuma kama mtu anayeangalia nyama imeharibika, akauliza kwa sauti ya kusikika mpaka mlangoni:

"Hii simu umeipata wapi?"

Nikasema kwako. Akarudia, sasa polepole, neno moja moja, na sauti juu zaidi, kama vile tatizo langu ni masikio. Simu. Hii. Umeipata. Wapi. Nikageuka nikaona foleni nzima inanitazama, kuna mama mmoja akavuta pochi yake karibu. Nimekaa na hiyo pochi kichwani mpaka leo. Nikatoa risiti, ina tarehe, ina jina la duka, ina zile tarakimu 15 za IMEI, yani namba ya utambulisho ya simu yenyewe (piga *#06# utaziona, andika mahali), akalinganisha moja moja kwa kidole, akarudisha simu mezani, siyo mkononi, mezani, akasema kufunguliwa ni mpaka umalize kulipa, imo kwenye mkataba, anayefuata.

Pole hamna. Hata "ah, kumbe ni wewe" hamna.

Mkataba niliusoma usiku ule. Imo kweli, maandishi madogo kama mayai ya chawa, lakini imo, na sahihi yangu chini yake imekaa vizuri, kubwa, ya mtu mwenye furaha. Kwa hiyo nikitaka kuwa mkweli nusu ya hasira hizi ni zangu mwenyewe. Nusu. Halafu nikasoma kwamba Kanada walishakataza kuuza simu zenye loki toka 2017, Uingereza na Japani wakakataza 2021, nusu yangu nikaifuta, zote zikarudi kwao. Kumbe inawezekana kabisa kuuza simu bila kuifunga na kampuni hazijafa njaa! Nchi niliyoangukia mimi ndo bado, bahati yangu hiyo.

Huduma kwa wateja nilipiga. Bonyeza moja, bonyeza nne, muziki, simu yako ni muhimu kwetu, muziki, ikakata. Barua pepe walijibu kwa heshima sana, aya tatu za kusema hapana.

Ikabidi ninunue kiswaswadu. Ndiyo, kile cha batani, na chenyewe lazima kiwe cha 4G maana vile vya zamani huku ni mawe tu. Nikaweka laini yangu ya nyumbani, bahati nilikuwa nimewasha roming, ile ya laini kushika nje ya nchi yake, kabla sijasafiri (mitandao mingine ukishatoka nchi hawakuwashii, fanya hilo mapema kabisa), nikasubiri, meseji ikaingia: tarakimu sita. Nilishangilia peke yangu chumbani. Na hiyo laini naiwekea vocha kila baada ya muda, maana ikikaa kimya sana wanaifunga, na namba anaweza kupewa mtu mwingine kabisa, sasa fikiria mtu usiyemjua anapokea tarakimu za benki yako. Kwa hiyo mimi leo natembea na simu ya kisasa yenye laini mbili mfuko wa kulia, na kiswaswadu mfuko wa kushoto kwa ajili ya laini ya pili.

Rafiki yangu mmoja alinicheka, eti ungenunua yako wazi nje uje nayo. Akaja na iPhone ya Marekani. Zile kuanzia 14 za soko la Marekani hazina trei kabisa, ni eSIM tu, na mtandao wake wa nyumbani wakati ule ulikuwa hauna eSIM. Zile za China bara nyingi kinyume chake, trei ya laini mbili za plastiki na eSIM hamna. Kwa hiyo naye ana kiswaswadu sasa. Simcheki, ila simsikitikii pia.

Kama lazima ununue, usiulize ina laini ngapi. Uliza imefungwa mtandao au iko wazi, na usiridhike na mdomo wake, weka laini yako ya kampuni nyingine palepale dukani kabla hujasaini, upige nayo. Kwenye iPhone kuna mstari kwenye mipangilio, sehemu ya maelezo ya simu, unaosema kama kuna kizuizi cha SIM au hakuna. Atakuambia foleni ni ndefu, mwache aseme. Na simu yako ya zamani usimpe mtu, hata akupunguzie nini.

Sasa niseme na hili kwa sababu nikilificha nitakuwa kama yule kijana. Mtandao wao ni mzuri. Ni mzuri kupita kiasi, inakera. Nafanya kazi ghorofa ya chini ya ardhi, wenzangu wote wa kampuni nyingine wakitaka kupiga wanapanda ngazi mpaka nje kwenye baridi, mi nakaa nilipo, naongea. Mwezi uliopita mwenzetu mmoja aliteguka mguu kule chini, simu iliyopiga kuomba msaada ni hii hii yenye loki. Ukiniuliza siku ile ningewapa nyota nne. Simu yenyewe haijawahi kunisumbua, chaji inakaa, haigandi. Tuseme tatu basi. Halafu nakumbuka ile pochi ya yule mama, aa, moja. Moja na nusu kwa ajili ya ule mguu.

Mkataba umebaki miezi michache, na wiki hii wameniandikia kwamba mimi ni mteja wa thamani, nikiongeza miezi 24 mingine napata mpya. Bure. Nikasema sijibu. Kesho yake nikiwa kule chini kazini, mtandao umejaa, nikafungua ile sehemu ya kuchati nao nikawaandikia, sijui kwa nini, nikaandika kwa utulivu nikasoma mara mbili kabla ya kutuma: hiyo simu mpya itakubali laini ya kampuni NYINGINE, ya nchi NYINGINE, kuanzia siku ya kwanza?

Wakajibu haraka, dakika haijaisha. Ndiyo, ina laini mbili.