Utando wa Sabuni Kwenye Mlango wa Bafu: Siki Imeshinda, Povu Limenidanganya

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena. Leo utangulizi sina, maana mkitazama nyuma yangu mnaona wenyewe. Huu mlango ni wa kioo safi kabisa, haujapakwa rangi, lakini mtu akisimama upande wa pili naona kivuli tu. Ni utando wa sabuni huo.

Nimeugawa mafungu manne kwa utepe wa karatasi, kila fungu na dawa yake. Ila kabla sijapuliza kitu, tuelewane tunapambana na nini. Huu si povu lililosahaulika kusuuzwa. Sabuni ya kipande hutengenezwa kwa mafuta, na maji magumu yana madini ya kalsiamu na magnesiamu. Vikikutana vinashikana, vinakuwa kitu kama nta ambacho maji hayakiyeyushi. Ndiyo maana ukisugua kwa maji, kioo kikiwa kimelowa unajipongeza. Kikikauka, utando uko palepale.

Fungu la kwanza, dawa ya kawaida ya vioo. Nimepuliza, nimefuta, nimerudia. Alama za vidole zimetoka, utando umebaki. Mbili kwa kumi, na moja kati ya hizo ni ya harufu nzuri.

La pili ndilo mlilonitumia sana: soda ya kuokea ukichanganya na siki. Jamani, lile povu linapendeza! Linachemka, linalia, unahisi kazi inafanyika. Lakini siki ni asidi na soda ni kinyume chake, kwa hiyo zinamalizana zenyewe kwa zenyewe. Povu likishatulia, ulichobaki nacho ni maji yenye chumvi kidogo. Tazameni hapa, nimepitisha kidole: bado kuna nta. Soda peke yake, ikilowanishwa kidogo, inasaidia kusugua taratibu. Siki peke yake inasaidia pia. Ukizifungisha ndoa, umepoteza zote mbili. Tatu kwa kumi.

Fungu la tatu. Hapa nisikilizeni vizuri. Siki nyeupe, ipashe iwe vuguvugu, isichemke. Ongeza sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, nusu kwa nusu, tikisa polepole. Asidi inaing'oa kalsiamu, yanabaki mafuta, na sabuni ya vyombo kazi yake ni mafuta, inayabeba. Tena ule uzito wa sabuni unafanya dawa ing'ang'anie kioo. Siki tupu nilipoijaribu mwanzoni ilitiririka yote chini kabla sijageuka. Paka, halafu ondoka kwa nusu saa. Msianze kusugua mapema, mtajichosha bure. Nikarudi na sponji laini, nikasuuza kwa maji mengi. Tisa kwa kumi! Moja nimeikata kwa sababu bafu linanuka kachumbari. Kama harufu inakukera, unga wa asidi ya sitriki, ile asidi ya kwenye limau, ulioyeyushwa kwenye maji ya moto unafanya kazi ileile ya asidi.

La nne, ile sponji nyeupe ya melamini. Inatoa, sikatai. Lakini ni msasa mlaini sana huo, inaondoa utando kwa kukwangua. Kwenye kioo kitupu sawa, ukisugua kwa mkono mwepesi. Kama mlango wako una kipako cha kufukuza maji, au ni wa plastiki, iache, itaacha michubuko. Sita. Na stilwaya hata msiniulize.

Kuna jambo sifanyii mzaha. Siki au asidi yoyote msiichanganye na dawa ya klorini, ile ya kung'arisha nguo nyeupe. Inatoka gesi ya sumu, na bafu ni chumba kidogo. Kama jana ulitumia klorini, suuza kwanza, fungua dirisha. Na sakafu ikiwa ya marumaru halisi, asidi isidondokee pale, inakula jiwe.

Mtu mwingine ataniambia amepaka siki mara tatu na kioo bado hakijang'aa. Inawezekana kioo chenyewe kimeshaliwa na maji magumu ya miaka mingi. Hapo hakuna dawa ya kupuliza, labda king'arishwe upya kwa unga wa kusugulia vioo.

Sasa, kitu kilichonifurahisha kuliko vyote hata si dawa. Ni hiki kifutio cha mpira chenye mpini, kama cha waosha vioo vya magari. Ukimaliza kuoga, unavuta maji juu hadi chini, nusu dakika tu. Maji yasipokaukia kwenye kioo, utando unakosa pa kushika. Na jeli nyingi za kuogea haziachi utando kama sabuni ya kipande.

Ngoja nibandue utepe mwone. Haya, kamera isogee... mnauona huo mstari? Upande huu unaniona hadi meno. Samahanini, nina mafungu matatu ya kusafisha.