Vyombo vya kufinyangwa kwa ajili ya sato: vilivyofaulu na vinavyorudi kwa fundi

Igeuze sahani kabla ya kuisifu. Seti hii imefinyangwa kwa mkono kwa ajili ya mgahawa wa samaki upande wa Capri Point, hapa Mwanza, na ubora wake pamoja na kasoro zake vinaonekana zaidi kwenye kitako kuliko usoni. Oda ilikuwa sahani 40 za umbo la yai za kupakulia sato mzima, bakuli 60 za mchuzi, vikombe 60 na vibakuli 40 vya pilipili na ndimu. Vikombe na vibakuli havina tunachodai. Bakuli ni nzuri isipokuwa chache. Sahani za sato ndizo zilizosababisha oda nzima, na 5 kati yake zinabembea mezani.

Tuanze na vipimo, maana vimefanywa kwa akili. Sato wa nusu kilo ana urefu wa karibu sentimita 30, kwa hiyo sahani yenye urefu wa sentimita 34 inambeba bila mkia kuning'inia. Udongo huu wa moto mkali unasinyaa asilimia 12 kutoka ubichi hadi kutoka tanurini. Wengi hukosea hapa: wanaongeza asilimia 12 juu ya 34, wanapata 38.1, na sahani inatoka fupi kwa nusu sentimita. Hesabu sahihi ni kugawa 34 kwa 0.88, yaani 38.6, na kielelezo cha kukatia kilitengenezwa kwa kipimo hicho. Ukingo umenyanyuliwa sentimita 2 na kuviringishwa mdomoni. Hapo tonge la ugali linapata pa kuegemea likizoa mchuzi, na mdomo wa mviringo haumeguki upesi kama ule uliochongoka.

Sasa hiyo kubembea. Sahani ndefu bapa ndiyo kazi ngumu kuliko zote kwenye oda ya namna hii, hata mtungi mkubwa hausumbui hivyo. Bamba la udongo likisukumwa kwa mti wa kusukumia upande mmoja tu, chembe zake hulala upande huo. Likikauka na kuchomwa, linajivuta kurudi. Dawa yake ni kuligeuza na kulisukuma pande zote nne, kisha kukandamiza kitako kwa kipande cha mpira kabla ya kuliweka kwenye umbo. Sababu ya pili ni upepo wa ziwa. Sahani iliyowekwa karibu na dirisha hukauka ukingo mmoja kwanza, nao unainuka. Zikaushwe katikati ya vipande viwili vya jipsamu bodi, ileile ya dari, ukingo ukifunikwa kwa utepe wa nailoni, siku 10 hadi 14. Wakati wa mvua ziongezwe. Kuziwahisha juani ni kuzipoteza.

Rangi ndiyo sehemu tuliyoipenda kuliko zote, kwa sababu mwenye mgahawa alitaka kijani cha ziwa na fundi hakumpa kila alichotaka. Kijani hicho hutokana na oksidi ya shaba ndani ya glezi, ile ngozi ya kioo inayofunika chombo. Shaba ikizidi, au glezi isipoiva vizuri, asidi huitoa ikaingia kwenye chakula, na hapa Mwanza hakuna sato anayeliwa bila ndimu. Kwa hiyo kijani kimewekwa nje tu. Ndani ni glezi nyeupe isiyo na shaba, na vibakuli vya ndimu vimepewa rangi ya asali itokanayo na oksidi ya chuma. Uamuzi huo ni wa fundi anayejua chombo chake kitabeba nini. Mwenye kuagiza anaweza kupima mwenyewe: aache kipande cha ndimu juu ya glezi usiku kucha, asubuhi aoshe. Palipolala ndimu pakibadilika rangi au kufifia, chombo hicho kisiguse chakula.

Kipimo cha pili ni cha maji. Mtungi wa kienyeji unapoza maji kwa sababu udongo wake unavuja jasho, na hiyo ndiyo sifa yake. Sahani ya samaki yenye tabia hiyo itanyonya mafuta na kukaa na shombo hata ikioshwa mara tatu. Pima bakuli kavu kwenye mizani, lichemshe kwa saa 5, liache majini hadi kesho yake, likaushe kwa kitambaa, upime tena. Bakuli la gramu 500 lililorudi na gramu 506 limenyonya asilimia 1.2, na hilo linafaa. Likifika 525, uchomaji wa pili haukufika nyuzi 1220 hadi 1240 zinazotakiwa na udongo huu.

Bakuli 4 zina nyufa nyembamba kama utando chini kabisa, mahali glezi ilipojikusanya nene. Glezi inaposinyaa kuliko udongo wakati wa kupoa, hupasuka hivyo, na supu hujificha humo. Zibadilishwe. Tiba ni kuchovya kwa muda mfupi zaidi. Nyufa zikiendelea, ni kuongeza kwenye glezi silika kidogo, yale madini ya mchanga.

Mengine ni madogo. Vikombe vina mshikio unaoingia vidole viwili vizuri. Vitako vya sahani havikupigwa msasa vya kutosha, navyo vitakwaruza sahani ya chini zikipangwa. Dakika moja ya jiwe la kunolea kwa kila moja inatosha. Sahani moja ina kilo 1.2, hivyo mhudumu asibebeshwe zaidi ya mbili zenye chakula, na jikoni zisipangwe zaidi ya 8 kwa safu. Stili waya isiguse glezi.

Kwa oda ya pili ya sahani 40, fundi afinyange 48 ili achague, na mgahawa udai kwanza sampuli 2 zilizochomwa hadi mwisho, zikalishwe juu ya kioo bapa mbele ya wote wawili kabla ya malipo ya awali kutolewa.