Karakana ya mashua ufukweni Muhumba, Bukavu: kazi ya subira, na misumari isiyonipendeza

Mashua ya tanga aliyoniachia marehemu baba ilikaa miaka 11 chini ya mti wa avoka huko Nguba, imefunikwa turubai lililochanika, hadi nilipoipeleka mwezi wa Mei mwaka jana kwa mafundi watatu wanaofanya kazi kwenye ufukwe wa Ziwa Kivu, upande wa Muhumba. Ni mashua ya mita 5, ya mbao zilizopangwa ukingo kwa ukingo juu ya mataruma, yaani mbavu zake, na mkuku wake, ule uti wa mgongo wa chini, ni wa mti mmoja. Karakana hiyo haina kibao wala ofisi. Riziki yake ni mitumbwi ya wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, ile inayounganishwa mitatu mitatu kwa miti mirefu. Nilikwenda na mashaka, kwa kuwa fundi wa kwanza niliyemlipa, mahali pengine kabisa, alijaza nyufa saruji na mastiki, akapaka rangi ya buluu juu yake, akanihakikishia kwamba mashua imepona.

Mzee wa karakana hakuijali rangi. Alichukua nyundo ndogo akagonga ubao mmoja baada ya mwingine, kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma, sikio lake likiwa karibu na mbao. Ubao mzima hulia. Uliooza hutoa mlio mzito uliokufa, kama gunia la unga linapopigwa. Kila aliposita alichomeka ncha ya kisu, na mahali pawili kisu kilizama hadi mpini bila kusukumwa. "Papa," akaniambia, "ziwa halikuiua hii mashua. Mvua ndiyo iliiua."

Alisema kweli. Maji ya Kivu hayana chumvi, kwa hiyo hatuna yule mdudu wa baharini anayetoboa majahazi ya pwani, lakini vilevile hatuna chumvi ya kuzuia kuvu. Mvua ikituama ndani ya mashua, chini ya turubai lisilopitisha hewa, uozo huanzia kwenye viungo vya mataruma na kusambaa kimyakimya. Saruji ya yule fundi wa kwanza ilizidisha madhara kwa kufungia unyevu dhidi ya ubao. Ilipobanduliwa, mbao zilizokuwa nyuma yake zilimeguka kwa vidole.

Zilibadilishwa mbao saba na mataruma manne, yote kwa mbao za mti uitwao libuyu. Mbao zilizonunuliwa zilikuwa bado mbichi, na mafundi walizipanga kivulini zikitenganishwa kwa vijiti, wakanisubirisha majuma sita. Nilikasirika wakati huo. Leo ndilo jambo ninalowashukuru zaidi. Kila taruma bovu lilitolewa likiwa zima iwezekanavyo ili liwe kielelezo cha jipya, kisha likatafutwa tawi lililopinda lenyewe, kwa sababu taruma lililochongwa kutoka ubao ulionyooka hukatwa nyuzi zake pale penye mkunjo na hupasuka hapohapo.

Kalafati, yaani kuziba mianya kati ya mbao, nayo ilinifunza. Nyuzi za pamba zilisokotwa, zikapigwa taratibu ndani ya mianya kwa patasi butu, nami nikauliza kwa nini hazishindiliwi zaidi, maana niliweza kuona mwanga kati ya baadhi ya mbao. Mzee akanijibu kwamba ubao mkavu ukibanwa sana leo, utakapokunywa maji utavimba, ukose nafasi, na uvunje taruma. Basi tulipoishusha mashua waliiacha siku tatu kwenye maji ya kina kifupi, imefungwa kwa kamba mbili. Siku ya kwanza ilijaa karibu hadi kwenye viti, na moyo wangu ulizama pamoja nayo. Ikakombwa. Siku ya pili tulitoa ndoo tisa. Asubuhi ya tatu, kopo moja.

Nina malalamiko mawili. Walitumia misumari ya chuma ya kawaida katika mbao mbili za juu kabla sijagundua, na tayari michirizi ya kutu imejitokeza. Nchi yetu ya Kongo huchimba shaba nyingi Katanga, lakini msumari wa shaba sikuupata soko la Kadutu wala kwingine mjini, na tulimalizia kwa ile iliyopakwa zinki. Pia hawaandiki makadirio: tulianza kwa dola 500, tukaishia dola 780, ingawa ongezeko lote lilikuwa la mbao na nililiona kwa macho yangu. Tanga lilishonwa na fundi wa nguo jirani yao, nalo linatosha.

Mwenye mashua ya mbao aipeleke mwanzoni mwa Juni, mvua zikikatika, ili mbao zikauke kabla ya Septemba, na anunue misumari mwenyewe. Aandikishe bei mbele ya mtu wa tatu. Rangi asiipake kabla ya kwenda, kwani wataikwangua yote.